Swali la Erasto Mpemba

Mtu akisema kwamba maji yaliyochemka yaweza kuganda kabla ya maji ya baridi, wengi wetu tutamcheka. Ndivyo alivyochekwa Erasto Mpemba, kijana wa Tanganyika, ambaye swali lake liliwashughulisha baadaye mabingwa wa fizikia, na wa ile kemia ichunguzayo joto na kuganda kwa vitu.

Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, katika Tanga. Wanafunzi walizoea kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu yawe aiskrimu. Siku moja nafasi ilikuwa haba. Mwenzake aliweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba naye akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa mazito tu. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Akauliza tena huko Mkwawa, Iringa, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu.

Hakukata tamaa, bali alijaribu mwenyewe kwa maji. Kisha Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoizuru shule, Mpemba alimwuliza mbele ya wote: maji ya digrii 35 na ya digrii 100, kiasi kimoja, vyombo sawa, mbona ya moto hutangulia kuganda? Wanafunzi wakacheka. Osborne, nasi twamsifu kwa hilo, alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lipimwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo: maji yaliyoanza na digrii 25 ndiyo yaliyokawia mno kuanza kuganda, yaliyoanza karibu na digrii 90 yaliyatangulia kwa mbali.

Yawezekanaje? Maji ya digrii 90 hayana budi kushuka hadi 25 kabla ya kuganda. Naam, lakini yafikapo hapo hayakutulia. Yaliyopoa hushuka chini, yenye joto hupanda, na joto hutoka kwa wingi kupitia juu. Osborne alipotandaza mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa. Hata huku Ibaba, wilayani Ileje, asubuhi ya baridi, chai iliyofunikwa hukaa na moto kuliko iliyoachwa wazi.

Mpemba hakufanya elimu hiyo kuwa kazi yake; alisomea utunzaji wa wanyama pori huko Mweka, Kilimanjaro, akawa afisa wa wanyama.

Ubishi haukwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima muda wa maji kupoa hadi digrii sifuri, wasiione ajabu hiyo. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikisogezwa juu au chini kwa sentimita moja tu, maji ya moto yaweza kuonekana yametangulia ilhali hayakutangulia.