Mto Madison: waliacha kupandikiza samaki, samaki wakaongezeka

Samaki wakipungua mtoni, jibu linalokuja haraka ni moja: tuletewe vifaranga tupandikize. Hoja hiyo ina mantiki yake. Shamba likiwa na mapengo, mkulima hurudishia mbegu. Kwa nini mto uwe tofauti?

Uko mto mmoja magharibi mwa Marekani ambako swali hilo lilipimwa kwa vitendo, na majibu yakawashangaza wengi. Unaitwa Madison. Kila mwaka mwishoni mwa Juni, watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kuvua samaki aina ya trauti kwenye mto huo. Wanalipia leseni, malazi, boti na waongozaji. Wakishampata samaki, mara nyingi wanamtoa ndoana na kumrudisha majini akiwa hai. Katika makala hii tunaeleza uvuvi huo unavyofanyika, na kwa nini mto huo una samaki wengi ingawa hakuna anayewapandikiza.

Mto wenyewe

Madison unaanzia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, pale mito miwili ya Firehole na Gibbon inapokutana. Unaingia jimbo la Montana, unapita bwawa la Hebgen, kisha unashuka kwenye bonde pana lenye mashamba makubwa ya ng'ombe hadi mji mdogo wa Ennis. Mwisho unaungana na mito ya Jefferson na Gallatin, na kwa pamoja inakuwa mto Missouri. Urefu wake ni karibu kilomita 300.

Huko Juni si kipupwe kama kwetu. Ni mwanzo wa majira ya joto. Theluji iliyorundikana milimani tangu Novemba huyeyuka Mei na Juni, na mito mingi ya eneo hilo hufurika ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Juni inapokwisha, maji yanapungua na kuwa maangavu, lakini bado ni ya baridi. Trauti anayapenda maji ya namna hiyo, kwa sababu maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Maji yakizidi nyuzi joto 20 za Selsiasi, samaki huyu anaanza kuhangaika.

Mdudu anayesubiriwa mwaka mzima

Wakati huohuo ndipo anapotokea mdudu ambaye wavuvi wa huko wanamwita nzi wa samoni. Jina lisikupotoshe: si nzi huyu wa nyumbani. Ni mdudu wa mtoni, mwenye mabawa manne na tumbo la rangi ya chungwa, na urefu wake hufika sentimita 5 au zaidi.

Maisha yake karibu yote yako chini ya maji. Anakaa miaka 3 hadi 4 akiwa tunutu, yaani mdudu mchanga asiye na mabawa, akitambaa kati ya mawe na kula majani yaliyooza. Maji yakifikia nyuzi joto 10 hadi 13 hivi, matunutu hutambaa kwa maelfu kuelekea ukingoni. Wanapanda juu ya mawe na vichaka, ngozi inapasuka mgongoni, na anatoka mdudu mwenye mabawa. Baada ya kupandana, majike hurudi kuruka juu ya mto na kudondosha mayai.

Trauti hutoka vilindini na kusogea kandokando akisubiri wadudu wanaoanguka kutoka vichakani. Ni kama kuku wanavyokimbilia kumbikumbi mvua za kwanza zikinyesha. Kwenye Madison, wadudu hawa huanza kutoka sehemu za karibu na Ennis, halafu siku baada ya siku wanaendelea kutoka sehemu za juu zaidi, kadiri maji ya huko yanavyopata joto. Mvuvi anayejua kazi yake huwafuata.

Mdudu huyu pia ni kipimo cha afya ya mto. Hahimili maji machafu, maji ya joto wala tope linaloziba nafasi kati ya mawe. Ukimwona, ujue mto umekuwa mzima kwa angalau miaka mitatu mfululizo.

Jinsi wanavyovua

Uvuvi huu hautumii nyungunyungu wala dagaa. Chambo ni mdudu wa bandia, aliyetengenezwa kwa kufunga manyoya, nyuzi na sponji kwenye ndoana moja ili afanane na mdudu halisi.

Hapo linazuka tatizo. Ukivua kwa ndoana ya kawaida, uzito wa chubwi, kile kipande cha risasi, ndio unaovuta mshipi ufike mbali. Mdudu wa bandia hana uzito wowote wa maana. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe. Mshipi ni mnene, na mvuvi anaurusha nyuma na mbele kwa ufito mrefu unaopinda, kama mchungaji anavyozungusha mjeledi, mpaka unyooke hewani na kutua taratibu. Mwisho wa mshipi kuna kipande cha nailoni nyembamba isiyoonekana vizuri majini, na hapo ndipo mdudu anapofungwa.

Kurusha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwacha mdudu aende na mkondo. Mdudu halisi akianguka majini hubebwa na maji. Yule wa bandia akivutwa na mshipi, akakata maji kama mtumbwi mdogo, trauti anajua hicho si chakula. Wavuvi wengine huingia mtoni kwa miguu, wengine hupanda boti ya makasia na kurusha karibu kabisa na ukingo, chini ya vichaka. Kabla wadudu hawajaota mabawa, hutumia chambo kinachofanana na tunutu na kukizamisha hadi karibu na mawe.

Anayekusudia kumrudisha samaki hubana ule mwiba wa ndoana kwa koleo ili itoke bila kuchana mdomo. Hulowanisha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki na magonjwa. Na hamtoi majini kwa muda mrefu. Sehemu nyingine za mto kumrudisha ni sheria, si hiari.

Kwa nini waliacha kupandikiza

Kwa miaka mingi, serikali ya Montana ilifuga trauti kwenye mabwawa na kuwamwaga mitoni kila msimu. Wavuvi walifurahi, na wenye maduka na nyumba za wageni pia. Wengi waliamini kwamba bila malori hayo ya samaki, mto ungekauka.

Mtaalamu wa samaki wa jimbo hilo, Dick Vincent, aliamua kupima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, upandikizaji ulisimamishwa kwenye sehemu ya Madison iitwayo Varney. Wakati huohuo samaki wa kufugwa walimwagwa kwenye kijito cha jirani, O'Dell, ambacho hakikuwa kikipandikizwa. Matokeo yakawa kinyume cha matarajio ya wengi. Varney, palipoachwa bila kupandikizwa, samaki waliozaliwa mtoni waliongezeka sana. O'Dell, palipomwagwa samaki, wale wazaliwa walipungua.

Kwa nini? Trauti huishi kila mmoja kwenye eneo lake, nyuma ya jiwe au kando ya mkondo, mahali anapopata chakula bila kutumia nguvu nyingi. Wageni wakimwagwa mamia kwa siku moja, kila mmoja anagombania nafasi. Mwenyeji anafukuzwa, anapoteza nguvu, anakonda. Mgeni naye amezoea kulishwa kwa mkono na hajui kujitafutia, hivyo wengi wao hawadumu. Mwisho wa yote, mto unapoteza wa zamani na wapya.

Mwaka 1974 Montana ilichukua uamuzi uliopingwa vikali: kuacha kupandikiza trauti kwenye mito ambayo samaki wanaweza kuzaliana wenyewe. Badala ya kununua vifaranga, nguvu zikaelekezwa kwenye maji, kingo za mto na kiasi cha samaki kinachoruhusiwa kuvuliwa.

Tuseme pia jambo moja kwa haki. Trauti wengi wa Madison leo si wa asili ya pale. Trauti wa kahawia aliletwa kutoka Ulaya, na trauti wa upinde wa mvua alitoka mito ya upande wa Bahari ya Pasifiki. Yule wa asili, mwenye mistari myekundu chini ya taya, amebanwa na wageni hao hadi amebaki sehemu chache. Kupandikiza kuliwaleta waliopo, na kuliwaondoa waliokuwepo.

Mto ukijitegemea, nao huugua

Kuacha kupandikiza hakukumaliza matatizo yote. Mwishoni mwa 1994 iligundulika kwamba vimelea kutoka nje vimeingia Madison. Hushambulia gegedu za samaki wachanga, wakawa wanaogelea kwa kuzunguka mahali pamoja hadi kufa au kuliwa. Trauti wa upinde wa mvua sehemu ya juu ya mto walipungua kwa takribani asilimia 90. Yule wa kahawia alistahimili zaidi, kwa kuwa asili yake ni Ulaya, ambako vimelea hivyo vimekuwepo siku nyingi. Hata hivyo Madison haikurudishiwa samaki wa kufugwa. Mto uliachwa upate nafuu wenyewe, na baadaye idadi ilianza kupanda tena.

Pigo jingine lilikuja Novemba 30, 2021. Kifaa cha lango la bwawa la Hebgen kilivunjika na maji ya kwenda chini yakapungua ghafla, wakati uleule trauti wa kahawia wametaga mayai kwenye changarawe. Wenyeji walitoka na ndoo kwenye baridi kali, wakakusanya samaki waliokwama kwenye vidimbwi na kuwapeleka penye maji. Lango lilitengenezwa baada ya siku mbili hivi. Waliotoka na ndoo hawakutumwa na mtu. Walijua kwamba mto huo hauna ghala la samaki wa akiba mahali pengine.

Adui wa sasa ni joto. Maji yakifika nyuzi joto 23 kwa siku tatu mfululizo, mamlaka zinaweza kufunga uvuvi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Wanaita sheria ya bundi. Jina hilo limetoka kwa wakata magogo wa zamani, ambao wakati wa kiangazi kikali walianza kazi alfajiri, bundi wakiwa bado wanalia, ili kukwepa hatari ya moto wa msituni. Samaki aliyechoshwa kwenye maji ya moto anaweza kufa hata ukimrudisha vizuri.

Na huku kwetu?

Trauti si mgeni kabisa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Uskoti na kuwaweka kwenye mto Gura, katika milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye walisambazwa kwenye mito mingine ya baridi, ikiwemo ya Mlima Kenya. Huko kupandikiza kulikuwa na maana yake, kwa sababu trauti hakuwepo kabisa. Swali la Madison ni jingine: ufanye nini na mto ambao tayari una samaki wanaozaliana, lakini wanapungua?

Jibu la Montana halifai kunakiliwa kila mahali. Bwawa la kufugia perege linahitaji vifaranga, hakuna ubishi. Lakini kwa mto, kabla ya kuomba vifaranga, kuna maswali ambayo kijiji kinaweza kujibu bila mtaalamu. Je, samaki wadogo wanaonekana? Kama wapo, basi mto bado unazaa. Je, ukigeuza jiwe mtoni unakuta wadudu, au tope tupu? Je, kingo zina miti ya kuleta kivuli, au zimelimwa hadi majini? Je, wakati samaki wanataga, nyavu zinapumzika?

Tanzania sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo 60 hazina lori wala sherehe ya kuzindua. Mgeni rasmi hawezi kupiga nazo picha kama anavyopiga na ndoo ya vifaranga. Lakini kama vifaranga watamwagwa kwenye maji ya tope na ya moto, mwakani tutaomba wengine, na mwaka unaofuata wengine tena.