Haba na Haba: Mota Inayokwenda kwa Hatua

Kuku anayeatamia huyageuza mayai yake mara nyingi, mchana na usiku. Yai lisipogeuzwa, kiinitete hunata upande mmoja wa ganda na kufa kabla ya siku ya 21. Ukame ulioanza mwaka 2020 ukafika hadi 2023 uliua ng'ombe wengi katika kaunti yetu ya Isiolo. Ndiyo maana hapa Leparua kuku si kitoweo tu. Ni karo pia. Lakini ukiwa na mashine ya kuangulia vifaranga, nani ataamka usiku kugeuza trei? Mota na kompyuta ndogo, bila shaka!

Mota ya kawaida, kama ile ya feni, ukiipa umeme inazunguka tu. Mota ya hatua si hivyo. Ndani yake mna koili zilizoizunguka sumaku. Koili moja ikipata umeme, sumaku inavutwa na kusimama hapo. Ukiizima na kuwasha ya pili, sumaku inasogea hatua moja. Mota nyingi za namna hii huchukua hatua 200 kumaliza mzunguko wa nyuzi 360, yaani nyuzi 1.8 kila hatua. Sasa hebu tupige hesabu. Trei iliyoinama nyuzi 45 upande huu ikienda kuinama nyuzi 45 upande ule, imesafiri nyuzi 90. Gawanya kwa 1.8: hatua 50, basi! Mota ya printa mbovu huenda ikawa ya nyuzi 7.5 kwa hatua. Hiyo inahitaji hatua 12 tu.

Anayehesabu ni kompyuta ya ubao mmoja kama Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012. Programu inawasha pini nne kwa zamu: 1, 2, 3, 4. Ukitaka mota irudi nyuma, geuza zamu: 4, 3, 2, 1.

Lakini tahadhari! Usiunganishe pini na mota moja kwa moja, utaunguza kompyuta. Pini hutoa volti 3.3 na umeme kidogo mno, wa kuwasha kitaa tu. Pini ni kama mzee wa boma: anatoa amri, hachoti maji mwenyewe. Katikati weka chipu ya ULN2003, ambayo ni swichi saba za transista. Hiyo hufaa mota ndogo za waya 5 au 6. Za waya 4 hutaka saketi nyingine, kama A4988. Mota ipate umeme wa betri, ila waya hasi za pande zote ziunganishwe pamoja.

Jambo kuu ni hili: kompyuta inahesabu amri zake, haioni mota. Trei ikikwama, mota itatetemeka tu, nayo kompyuta itaandika ati hatua 50 zimekwisha. Asubuhi mayai yamelala palepale! Dawa yake ni swichi ndogo kila mwisho wa trei. Trei ikifika, inaibonyeza. Isipobonyezwa, kengele ilie. Na siku ya 18 programu iache kugeuza, maana kifaranga anajiandaa kutoka.

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Naam, lakini kibaba chenyewe nacho kichunguliwe. Kazi kwenu, wanachama!