Kisangani: Mashini zinazodai sarafu, na inchi isiyokuwa tena na sarafu

Katika muji wa San Francisco, Marekani, kando ya bahari, kuna nyumba ya makumbusho inayoitwa Musée Mécanique. Kuingia ni bure. Lakini ukishaingia, karibu hakuna kitu kinachotembea mpaka utie mukono mufukoni. Mashini za zamani zaidi ya 300 zimepangwa humo: piano zinazojipiga zenyewe, masanduku ya kutabiri bahati, mukono wa chuma wa kushindana nao nguvu, na sanamu kubwa ya mwanamuke anayecheka kwa sauti, Laffing Sal. Mugeni anatumbukiza sarafu, mara nyingi ya senti 25 za dola, na mashini inaamuka.

Mukaaji wa Kisangani akifika pale, shida yake ya kwanza itakuwa moja: katika mufuko wake hamuna hata sarafu moja. Anazo noti tu. Vijana wa Mangobo, wa Kabondo ao wa Lubunga wenye miaka 30 leo hawajawahi kulipa kitu sokoni kwa feza ya chuma ya inchi yao. Hii si jambo dogo. Kukosekana kwa sarafu kunaeleza mengi juu ya maisha ya kila siku katika muji huu.

Mashini inajaribu sarafu namna gani

Wazo la mashini ya sarafu ni la zamani sana. Karibu miaka 2,000 iliyopita, Heron wa Alexandria, katika inchi ya Misri, aliandika juu ya chombo cha hekaluni: mutu akiangusha sarafu, uzito wake unashusha kijiti, tundu linafunguka na maji kidogo yanatoka. Sarafu ikiteleza na kuanguka, tundu linajifunga.

Katika karne ya 19 wazo hilo likageuka biashara. Mwaka wa 1889, kulekule San Francisco, Louis Glass aliweka katika baa moja mashini ya kusikiliza muziki kwa sarafu. Ni babu wa mashini za muziki zilizojaa katika baa za dunia baadaye. Miaka michache mbele, katika muji uleule, Charles Fey akatengeneza mashini ya kamari iliyoitwa Liberty Bell.

Mashini hizi zote zinafanya kazi kwa kanuni moja. Hazijui kusoma, hazimujui mulipaji. Zinapima tu: tundu linakataa sarafu iliyo kubwa zaidi, mizani ndogo inakataa iliyo nyepesi, na mara nyingi sumaku inakamata kipande cha chuma cha kudanganya. Sarafu ikipita majaribio hayo, mashini inaipokea bila swali. Lakini kuna sharti moja: sarafu ya leo na ya kesho iwe na uzito ule ule, na pia inunue kitu kile kile. Bei ikibadilika kila juma, mashini inakuwa sanduku la bure.

Kutoka mitako mpaka makuta

Kongo ilikuwa na feza ya chuma mbele ya noti. Kandokando ya muto Kongo, watu walilipana kwa mitako, vipande vya waya wa shaba ya manjano. Munamo mwaka wa 1887, Dola Huru ya Kongo, chini ya Leopold II, ikatoa sarafu zake. Zile ndogo za shaba zilikuwa na tundu katikati. Wakati wa Kongo ya Wabelgiji zikafuata nyingine. Watu wengi wanaokusanya sarafu wanaijua falanga 2 ya mwaka wa 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo.

Tarehe 23 Juni 1967, serikali ya Mobutu ilibadilisha feza. Falanga 1,000 zikageuka zaire moja, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Zaire iligawanyika katika makuta 100. Likuta moja ilikuwa sarafu ya kweli, na ilinunua kitu. Feza hiyo imekufa, lakini jina halikufa: mpaka leo watu wengi wa mashariki wanasema "makuta" wakitaka kusema feza tu.

Kisha ngazi ikaanza kuvunjika. Mwisho wa mwaka wa 1979, serikali iliondoa kwa gafula noti za zaire 5 na 10, na wakaaji wengi wakapoteza akiba waliyoficha nyumbani. Miaka iliyofuata bei zilipanda mpaka sarafu za makuta hazikuweza kununua kitu. Mwaka wa 1988 ilitolewa sarafu ya zaire 10, nayo haikudumu.

Munamo Oktoba 1993, zaire mupya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Tarehe 30 Juni 1998, falanga ya Kongo ikarudi: falanga moja kwa zaire mupya 100,000. Chukua kalamu na piga hesabu: falanga moja ya 1998 ni sawa na zaire miliari 300 za mwaka wa 1967. Mashini gani ya sarafu ingeweza kufuata hesabu hiyo?

Falanga iliporudi, hata santimu moja ilichapwa katika karatasi. Sarafu za kutumia kila siku hazikurudi tena.

Nani analipa hasara

Tangu hapo Kisangani inaishi kwa karatasi. Ni muji wa joto na mvua, ulio zaidi ya kilometa 1,700 na Kinshasa kwa njia ya muto. Noti za falanga 50, 100 na 200 zinapita katika mikono ya wauzaji wa samaki, wa pondu na wa makala, zinaloana, zinapasuka, zinagundishwa na karatasi ya kunata. Sarafu inaweza kuishi miaka makumi katika mikono hiyo. Noti ndogo inachoka upesi sana.

Matokeo yake kila mutu anayajua. Mwendesha toleka anamaliza safari, abiria anatoa falanga 500, na monnaie haipatikane. Mama sokoni anakataa noti iliyopasuka kwa sababu anajua muuzaji wa jumla ataikataa pia. Dukani, mutoto aliyetumwa kununua chumvi anarudi na bonbon pahali pa falanga 100. Na muuzaji anayechoka kutafuta monnaie anapandisha bei mpaka noti inayofuata: kitu cha falanga 150 kinakuwa cha 200. Kwa mwenye mushahara wa dola, hiyo si kitu. Kwa jamaa inayonunua mafuta ya kupika kwa kipimo kidogo kila siku, ni sehemu ya chakula inayopotea bila mwizi kuonekana.

Ni kwa sababu hiyo pia tunaamini dola kuliko falanga, na tena dola safi tu. Macambiste wanaikagua mbele na nyuma, wanaitazama kwenye mwangaza, wanaikataa kwa kipasuko kidogo. Mashini inapima sarafu mara moja na kazi inaendelea. Sisi tunapima kila noti, mara nyingi kwa siku, na wakati mwingine kwa ugomvi.

Kulipa kwa simu kumesaidia. M-Pesa iliingia Kongo munamo mwaka wa 2012, na Airtel Money na Orange Money zinatumika pia. Lakini hakuna mutu anayefungua simu ili alipe fungu moja la pondu, na pale mutandao unapokatika, karatasi inarudi kuwa mufalme.

Je, sarafu zirudi?

Mutu anaweza kusema: basi, serikali itengeneze sarafu. Si rahisi hivyo. Sarafu inagharimu kutengeneza, na kama falanga itashuka tena, chuma chenyewe kitakuwa na bei kuliko namba iliyoandikwa juu yake. Watu wataiyeyusha. Sarafu inakuja nyuma ya bei zilizotulia, haiji mbele yake.

Tena sarafu si malaika. Inchini Kenya, ambako sarafu bado zinatembea, mashini za kamari zilienea mpaka vijijini na watoto wakaanza kuzilisha. Mwanzoni mwa mwaka wa 2018, waziri wa mambo ya ndani Fred Matiang'i alitoa amri zikamatwe na kuharibiwa.

Kinachoweza kufanyika sasa ni kidogo lakini kinawezekana: noti ndogo mupya zifike Tshopo kwa wingi wa kutosha, na benki zipokee zile zilizochakaa bila kumusumbua muuzaji mudogo. Hilo halingojee chuma.

Na kuna jambo lingine ambalo halihitaji serikali. Katika nyumba nyingi za Makiso na Tshopo, wazee wangali na kopo ao kitambaa chenye sarafu za zamani. Mara nyingi watoto wanazichezea, zinapotea katika mchanga. Musizitupe. Mukiikuta yenye tundu, ao yenye pembe sita na tembo, mumuulize muzee swali moja kabla hajaondoka: hii ilinunua nini? Muandike jibu lake, na muweke karatasi hiyo pamoja na sarafu.