Gia Nzito au Nyepesi? Miguu Ina Hesabu Yake

Oktoba 1972, jijini Mexico, Mbelgiji Eddy Merckx aliendesha baiskeli kilomita 49.431 kwa saa moja. Miaka 50 baadaye, Mwitaliano Filippo Ganna alifikisha kilomita 56.792 mjini Grenchen, Uswisi. Merckx alitumia gia ya meno 52 mbele na 14 nyuma. Ya Ganna ilikuwa nzito zaidi: 65 kwa 14. Lakini ukipiga hesabu, miguu yao haikupishana sana: Merckx alizungusha pedali takriban mara 105 kwa dakika, Ganna mara 95 na ushei.

Baiskeli husukumwa na vitu viwili kwa pamoja, nguvu ya mkanyago na wepesi wa mzunguko. Anayetoa wati 200 kwa mizunguko 60 kwa dakika hulazimika kukanyaga kwa nguvu mara moja na nusu ya anayetoa wati hizohizo kwa mizunguko 90.

Mkanyago mzito huamsha nyuzi za misuli zenye nguvu nyingi lakini zinazochoka upesi, na akiba yao ya sukari huisha mapema. Goti nalo hubeba mzigo mkubwa. Gia nyepesi huyapumzisha mapaja, ila kazi huhamia kwenye moyo na mapafu, kwa kuwa kuichezesha miguu haraka kwenyewe hula oksijeni.

Vipimo vya maabara huonyesha kwamba oksijeni hutumika kwa kiasi kidogo kabisa kwenye mizunguko 60 hivi kwa dakika. Hata hivyo waendeshaji waliobobea huchagua 80 hadi 100: wanakubali kuhema zaidi kidogo ili misuli idumu. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa na mwendeshaji Mkenya David Kinjah, alimwacha mpinzani wake Alberto Contador kwenye mlima Ventoux, Ufaransa, mwaka 2013 akiwa ameketi, miguu ikizunguka kasi ajabu. Anayeanza asimwige, mwenye wati chache huishiwa pumzi bure.

Kujipima ni rahisi. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Kwenye tambarare, 70 hadi 90 huwafaa wengi. Mapaja yakiwaka moto huku pumzi imetulia, shusha gia moja. Ukihema huku mapaja hayajachoka, pandisha moja. Mlimani, badili kabla mwinuko haujakukaba, maana mnyororo uliokazwa hauhami kwa urahisi.