Motokari Yako Inalia? Isikilize Kwanza

Umenunua motokari. Ni mpya kwako, ingawa Wajapani walikwisha kuichosha. Kwenye njia ya mawe inapiga kelele, na hiyo haishangazi. Lakini ukikamata lami ya Kavumu kuelekea Bukavu, ungali unasikia: wuuuu! Bibi anasema uongeze sauti ya redio. Usiongeze.

Kama mlio unabadilika kila njia inapobadilika, ni mipira. Pitisha kiganja juu ya mpira: ukigusa vilima na mabonde, umelika vibaya, na utalia mpaka siku utakapoutupa. Soma pia tarakimu nne za mwisho wa maandiko ya DOT. 2309 ni juma la 23 la mwaka 2009. Mpira kama huo umekuwa mgumu kama ubao, hata kama meno yake yangali marefu. (Muuzaji hatakuonyesha!)

Lakini mlio unaobaki uleule kwenye kila njia, ukipanda pamoja na mwendo, ni jambo lingine. Ukizidi katika kona ya kushoto, shaka iko kwa gurudumu la kuume, ndani ya rulma, ile chuma yenye vigololi. Mimi nililipa fundi mmoja abandike mazulia chini ya viti. Kelele ikapungua, nikafurahi! Wiki tatu baadaye gurudumu likaanza kuchezacheza njiani, watoto wakiwa nyuma.

Inua gurudumu kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, safari ya Kamituga ingoje fundi.