Ekipe ya Utotoni na Ukweli wa Gazeti



Mjini Lubumbashi, Misa ya Jumapili inapokwisha, watu hawarudi nyumbani mara moja. Akina mama husalimiana kivulini, watoto hukimbizana, nao wanaume hukusanyika mbele ya kanisa wakaanza maongezi. Haupiti muda ila utasikia jina la Mazembe au la Lupopo. Hapo watu waliopeana amani muda mfupi uliopita hugawanyika kambi mbili: baba na shemeji yake, mwalimu na mwanafunzi wake, kila mmoja hushika upande wake.

Lakini liko jambo moja ambalo kambi zote mbili hupatana. Wote hulalamika juu ya waandishi wa magazeti na watangazaji wa redio wanaotuletea habari za mpira. Tumeona vema kulitazama jambo hili, kwa maana ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Ekipe tuliyorithi

Kwanza tuulize: mtu hupataje ekipe yake? Ni wachache walioichagua. Mtoto wa Kamalondo hukua kati ya rangi nyeusi na nyeupe za Mazembe. Mtoto wa mfanyakazi wa reli husikia habari za Lupopo tangu alipokuwa akibebwa mgongoni mwa mama yake. Siku moja baba humshika mkono, humpeleka kiwanjani, humweka mabegani ili aone. Siku hiyo ekipe imekwisha kuingia moyoni. Mtu aweza kuhama mji, kubadili kazi, hata kusahau maneno mengi ya lugha ya babu yake, lakini ekipe ya utotoni hukaa.

Tena sisi wakristu tusisahau kwamba mchezo huu ulikua kwetu karibu na Kanisa. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa wa Mtakatifu Benedikto, waliokuwa wakiongoza shule ya Mtakatifu Bonifasi huko Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule. Jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges, yaani Mtakatifu Georgi, msimamizi wa maskauti. Baadaye iliitwa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi. Lupopo nayo, ekipe ya watu wa reli, hata leo yachukua jina la Saint-Éloi, yaani Mtakatifu Eligi, msimamizi wa mafundi wa chuma. Watawa wale waliona kwamba mchezo wafundisha mengi: kumtii mwamuzi, kuvumilia kushindwa, kumpa mwenzako mpira badala ya kujitafutia sifa peke yako.

Basi, kupenda ekipe si dhambi. Kwaweza kuwa shule ya uaminifu. Mwaka 1967, na tena mwaka 1968, Englebert ilichukua Kombe la Mabingwa wa Afrika. Toka hapo ilingoja miaka zaidi ya 40, hata mwaka 2009, ndipo ikalishika tena kombe hilo kwa jina la Mazembe. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa, wakapata nywele nyeupe pasipo kuliona. Hata hivyo hawakuiacha ekipe ya baba zao.

Malalamiko ya wapenzi wa mpira

Sasa tuwasikilize wapenzi hao wanavyosema juu ya waandishi wetu.

Lalamiko la kwanza ni hili: mwandishi naye alikuwa mtoto. Yeye pia aliwekwa mabegani mwa baba yake. Ekipe yake ikishinda, ataandika kwamba ni ustadi. Ikishindwa, ataandika kwamba ni mwamuzi. Msomaji akimaliza mistari mitatu amekwisha kujua mwandishi alizaliwa mtaa gani.

La pili ni habari ya fedha. Katika Kongo yetu kuna desturi iitwayo coupage: mwenye habari humpa mwandishi bahasha, na bahasha hiyo huongoza kalamu. Tusiwe wepesi kuhukumu. Waandishi wengi hawapati mshahara wa kutosha, na wengine hawapati kabisa. Lakini msomaji amelipa gazeti lake apate habari, naye apewa tangazo.

La tatu ni ukubwa wa viongozi. Bwana Moïse Katumbi, aliyeshika uongozi wa Mazembe mwaka 1997, alikuwa gavana wa Katanga tangu mwaka 2007 hata mwaka 2015, na kituo cha televisheni cha Nyota kilikuwa mali yake. Mwaka 2020 Bwana Jacques Kyabula, gavana wa Haut-Katanga wakati ule, alishika uongozi wa Lupopo. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Wakubwa hao wametoa mali yao kwa ajili ya mchezo. Twauliza tu: kijana mwenye kalamu na daftari ataandikaje kwamba ekipe ya gavana imecheza vibaya?

Hayo ndiyo malalamiko, na yana haki ndani yake. Lakini mzee mmoja wa Kamalondo, aliyekuwa akisikiliza kimya, alituambia neno lililotunyamazisha: “Ninyi mwataka mwandishi wa kweli. Je, mlipata kumshukuru hata mmoja aliyeandika kwamba ekipe yenu ilishindwa kwa haki?” Hakuna aliyejibu. Mwandishi wa namna hiyo twamwita msaliti. Redio yake twaizima.

Bei ya neno moja

Labda msomaji atasema: huu ni mchezo tu, uongo kidogo wa mpira haumdhuru mtu. Na akumbuke mwezi wa Desemba mwaka 2010.

Tarehe 14 ya mwezi huo, huko Abu Dhabi, Mazembe iliishinda Internacional ya Brazili magoli 2 kwa 0. Kabla ya siku hiyo hakuna ekipe ya Afrika iliyopata kufika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia la klabu. Robert Kidiaba, mlinda goli, alirukaruka ardhini kwa makalio, na nchi nzima ikacheka kwa furaha. Siku nne baadaye ilikutana na Inter ya Milano, ikashindwa magoli 3 kwa 0. Pandev alifunga mapema, na dakika chache baadaye akafunga Eto'o, mwana wa Kameruni, Mwafrika kama sisi. La tatu lilipatikana mchezo ulipokaribia kwisha.

Mwamuzi wa siku ile alikuwa Yuichi Nishimura, mtu wa Japani. Lakini mjini Lubumbashi watu wenye hasira walimdhania kuwa Mchina. Wakaondoka, wakashambulia maduka ya Wachina waliokuwa wakifanya biashara kwa amani mitaani mwetu. Fikirini, ndugu: mtu aliyekuwa akiuza sufuria na viatu, asiyejua hata matokeo ya mchezo, aliona duka lake likivunjwa kwa ajili ya filimbi iliyopulizwa na mtu wa nchi nyingine.

Hatusemi kwamba gazeti fulani au redio fulani ilieneza kosa lile. Uvumi hauhitaji mtambo wa kuchapa. Twasema hivi tu: watu waliozoea kuambiwa kila mara kwamba kushindwa kwetu ni kazi ya mwamuzi, siku ya kushindwa kukubwa humtafuta mwamuzi. Na wasipompata, humtafuta anayefanana naye machoni mwao.

Gazeti letu la ukutani

Nasi tusijifanye watakatifu. Tulipokuwa katika seminari ndogo, tulikabidhiwa gazeti la ukutani. Ekipe ya darasa letu ilishindwa magoli 2 kwa 1, na goli la pili lilitokana na penalti. Mwamuzi alikuwa mwanafunzi wa darasa la juu. Sisi tulikuwa karibu, tukauona mkono wa mlinzi wetu ukigusa mpira. Lakini tuliandika kwamba mpira ulimpiga kifuani. Tukaongeza kwamba binamu wa mwamuzi alikuwa katika ekipe ya pili. Hilo la binamu lilikuwa kweli. Ndiyo maana uongo ulipata miguu ya kutembelea.

Kwa majuma kadhaa hakuna mtu wa darasa letu aliyekaa naye mezani. Yule kijana aliirudisha filimbi, wala hakuishika tena mwaka ule. Padri msimamizi alituita. Hakutupiga, wala hakupaza sauti. Alituuliza jambo moja tu: tuliuona mkono ule, au hatukuuona? Tulijibu kwamba tuliuona. Akatupa karatasi, akasema, “Basi, andika.”

Tuliandika, tukaibandika palepale ukutani. Lakini waliosoma habari ya kwanza walikuwa wengi sana, na waliosoma ya pili walikuwa wachache. Tangu siku hiyo tulifahamu kwa nini amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Neno likisha kutoka, mwenyewe halirudishi kwa mbio ileile lililotokea.

Tufanye nini?

Ninyi wanafunzi, ambao kesho mtashika kalamu na vyombo vya redio, hamlazimiki kuizika ekipe ya utotoni. Ipendeni. Lakini mnapokaa kuandika, andikeni mlichokiona, hata kikiwauma. Na aliyecheza vizuri upande wa pili, mwandikeni kwa jina lake. Wasomaji, mkisoma habari ya haki iliyowaumiza, mpelekeeni mwandishi wake salamu. Atazihitaji.

Nanyi akina baba, kazi yenu ndiyo ya kwanza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jioni ile mnaporudi kutoka kiwanjani, ekipe yenu imeshindwa, mtoto amechoka na machozi yamo machoni, atawauliza, “Baba, mwamuzi alituibia?” Ikiwa aliwaibia, mwambieni. Ikiwa hakuwaibia, mwambieni pia: “Hapana, mwanangu. Leo wenzetu wametushinda kwa haki. Jumapili ijayo tutarudi.”