Kulikiza, Kutoa Neli na Kusitisha: Istilahi Tatu za Mashine ya Kupumulia

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa maandishi ya uuguzi ni lile litumikalo wakati mgonjwa mahututi anapozoeshwa kupumua bila ya mashine. Wengi huandika ‘kuondoa mashine’. Fasiri hiyo ni fupi, lakini ina hatari: jamaa wakiisikia huweza kudhani kwamba mgonjwa wao anaachwa afe, hali daktari anamaanisha kwamba amepata nafuu.

Ili tuchague neno lifaalo, hatuna budi kwanza kuielewa kazi yenyewe. Kila siku daktari hujiuliza: Je, maradhi yaliyomfikisha mgonjwa kwenye mashine yamepungua? Je, damu yake yapata oksijeni ya kutosha kwa msaada mdogo? Je, shinikizo la damu limetulia? Majibu yakiridhisha, hufanyika jaribio la kupumua: msaada wa mashine hupunguzwa sana, au hukatwa, kwa muda wa dakika 30 hadi 120, na mgonjwa huangaliwa kwa makini. Akihema zaidi ya mara 35 kwa dakika, akitoka jasho au akihangaika, jaribio hukomeshwa, sababu ikatafutwa, na mgonjwa akapumzishwa kabla ya kujaribiwa tena.

Kipo pia kipimo kilichotangazwa na Yang na Tobin mwaka 1991. Idadi ya pumzi kwa dakika hugawanywa kwa ujazo wa pumzi moja, kwa lita. Pumzi 20 za nusu lita hutoa 40. Pumzi 35 za robo lita hutoa 140. Jibu likizidi 105, yaelekea mgonjwa hajawa tayari. Kipimo hiki chaweza kuitwa ‘uwiano wa kasi na ujazo wa pumzi’.

Basi hii ni kazi ya hatua kwa hatua, na Kiswahili kina neno la kuifaa: kulikiza, yaani kumwachisha mtoto ziwa. Mama halikizi mtoto asiyeweza kula. Wala kulikiza si kumtupa mtoto. Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) Kulikiza: kumpunguzia mgonjwa msaada wa mashine hadi apumue mwenyewe.

(b) Kutoa neli: kuichomoa neli iliyopitishwa kooni. Mgonjwa aweza kufaulu jaribio, lakini neli isitolewe kwa kuwa hawezi kukohoa makohozi au njia yake ya hewa imevimba.

(c) Kusitisha mashine: kuikomesha tiba isiyokuwa na tumaini tena.

Mfasiri akichanganya la kwanza na la tatu, atakuwa amewatangazia jamaa msiba usiokuwapo. Au, kinyume chake, amewapa tumaini lisilokuwapo. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu wa vyuo vya uuguzi, wayapime maneno haya kazini na kutuletea maoni yao.